Maneno Niliyompa Hilaire

Sauti yangu ilikataa kwenye ukurasa wa arobaini na mbili. Mdomo ulifunguka, pumzi ikatoka, neno likabaki ndani kama mtoto aliyekumbatia nguzo ya nyumba, hataki kwenda.

Ilikuwa mwaka jana, katika studio moja ndogo ya mtaa wa Mangobo, ambamo Emile, fundi wa sauti, alikuwa amepigilia magodoro ya zamani ukutani. Nilikuwa nasoma kitabu changu kirekodiwe, maisha yangu mwenyewe, niliyoyaandika katika madaftari ya shule, mimi niliyeishia darasa la sita. Siku ya kwanza niliharibu kazi. Nilitega kitendawili, "Nimemtuma asiye na miguu, akafika mbele yangu," kisha nikanyamaza.

"Koko, umesahau?" Emile akauliza, akiniita bibi kama vijana wa kwetu wanavyofanya.

"Nangoja mtu ajibu. Kwetu hatutegei ukuta."

Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake nikaja na binti yangu Angèle, akae karibu nami, ajibu. "Sauti!" akajibu, nami nikaenda mbio kama mtumbwi unaoshuka na maji.

Siku hiyo hiyo, tulipofika kwa marehemu mume wangu, Emile akalalamika. "Bon, Koko, hii 'akasema Hilaire' iko mingi sana. Unageuza sauti muzuri, watu watajua iko yeye. Tuikate."

"Usikate. Maneno ya marehemu yana mwenyewe. Ukiyasema bila kumtaja, umemwibia. Ukimtaja kwa neno asilolisema, umemsingizia mtu asiyeweza kujitetea."

"Eh, Koko! Basi, naacha."

Niliyasema hayo mimi, kwa kinywa hiki, kifua mbele. Siku ya tatu tukafika ukurasa wa arobaini na mbili.

Umeandikwa hivi: "Mtoto aende Basoko kwa tante yake," akasema Hilaire. Mtoto ni Angèle, wakati huo miaka sita, apelekwe kwa shangazi yake mbali, kwa mtumbwi. Mapacha walikuwa wamezaliwa. Miaka thelathini nilimwambia hivyo: ni papa yako aliyesema. Tulipomzika Hilaire, Angèle alisimama mbali, mikono nyuma, hakutupa udongo. Nilimwona, nikanyamaza. Kwenye daftari nikaandika vile vile. Karatasi haina masikio.

Lakini siku mbili nzima nilikuwa nimekaa na sauti ya mume wangu kooni, nzito, ya polepole, sauti ya mtu wa Yanonge aliyezoea kuita ng'ambo ya mto. Nilipotaka kuitwisha maneno yale, ikagoma.

"Koko, turudilie?"

Angèle alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anangoja kitendawili kingine.

"'Mtoto aende Basoko kwa tante yake,'" nikasoma, kwa sauti yangu. "Nikasema mimi."

"Pardon, Koko. Kwa karatasi iko 'akasema Hilaire'."

"Naiona. Niliandika uongo."

Emile akazima mashine. Angèle akageuza kiti chake polepole, miguu ya kiti ikikwaruza sementi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mapacha walikuwa wananimaliza, mwanangu. Nilichoka."

"Na mimi nikamuchukia papa mpaka kaburini. Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anitukane, maana matusi ningejua pa kuyaweka. Akafuta uso kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

"Na yeye, alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alibeba mkeka wako mpaka bandarini."

"Iko mu kitabu?"

"Haiko."

"Basi sema. Emile, washa mashine."

Emile akawasha, akainua mkono nianze. Nikageuza daftari kifudifudi. Nikasema jinsi Hilaire alivyoingia mtoni mpaka kiunoni, amevaa suruali yake ya misa, ameshika ukingo wa mtumbwi uliombeba Angèle; na jinsi wapiga kasia walivyomwomba aachilie, mara ya kwanza, na mara ya pili.