Mfuko wa Mzee Godoro

Majirani walimwita Mzee Godoro, na jina lilimkaa. Kwa miaka arobaini alikuwa akishona na kujaza magodoro, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia hata moja. Siri yake ilikuwa kushindilia. Alisokomeza usufi kwa mpini wa mwiko mpaka godoro likakakamaa, kisha akalipiga ngumi, na ngumi ikidunda alitabasamu peke yake. Fundi anayejaza kidogo, alikuwa akisema, ni mwizi mwenye sindano.

Sasa binti yake, mpima hali ya hewa, alikuwa anaondoka kesho alfajiri kwenda kufunga vipimo jangwani, halafu mlimani, juu kabisa ambako hata miti imekataa kuota. Safari iliyopita alirudi na kikohozi cha wiki tatu, kwa sababu mfuko wa kulalia aliopewa ofisini ulikuwa umechakaa, umebaki kitambaa na historia. Mzee aliapa kwamba mwanawe hatatetemeka tena ilhali nyumbani mna usufi. Akamshonea mfuko kwa mkono wake, siku nne nzima, mshono juu ya mshono.

"Baba, mbona mzito hivi?" binti aliuliza asubuhi ile alipojaribu kuubeba.

"Uzito ndiyo joto, mama."

"Hapana, baba. Joto linatunzwa na hewa iliyonaswa ndani ya usufi. Ukishindilia hivi, hewa itakaa wapi?"

"Hewa! Tangu lini mtu akajifunika hewa?"

"Kule jangwani mchana unaungua, lakini jua likizama joto lote linapaa, hakuna hata wingu la kulizuia. Maji yanaganda kwenye chupa. Huu siuchukui mpaka tuujaribu. Ukishindwa, nabeba ule wa ofisini."

Maneno hayo yalimchoma mzee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo tunalijua sote. Ila wahenga walisahau kutuambia mkuu asiyesikia la mtoto huvunjika nini. Mzee Godoro akaenda kujionea mwenyewe. Alijitwika mfuko begani, akavuka barabara hadi kwa rafiki yake muuza nyama, ambaye nyuma ya duka lake ana chumba cha baridi.

"Unataka kulala na ng'ombe wangu?" Muuza nyama alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Saa moja tu. Na mlango usiufunge kwa komeo."

Akajilaza sakafuni, chini ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia, akavuta zipu mpaka kidevuni. Dakika kumi za kwanza alijisifu. Ilipofika ya kumi na tano, baridi ikapanda kutoka sakafuni, ikamwingia mgongoni bila hodi. Akajikaza kisabuni. Ilipofika ya ishirini na tano meno yalikuwa yanagongana na zipu imemgomea, akatoka akirukaruka ndani ya mfuko wake, akatokea mbele ya wateja wanne waliokuwa wanasubiri maini.

Binti yake naye alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni. "Vipi, baba?"

Angeweza kusema uongo. Heshima ya miaka arobaini ilikuwa hatarini, na wateja walikuwa wamekodoa macho. Lakini atakayelala humo kesho hakuwa mteja.

"Ni ubao," alisema huku midomo ikitetemeka. "Nimekushonea ubao, mwanangu. Nisamehe."

Binti hakucheka, muuza nyama alicheka kwa niaba ya wote. Wakaketi baba na mwana kwenye ngazi ya duka, juani, wakaanza kufumua.

"Toa nusu," binti alisema.

"Nusu?"

"Nusu, baba."

Kila konzi la usufi alilolitoa lilimuuma, kama anayemwibia mtoto wake mwenyewe. Alipofika theluthi akasita, akashika sindano. Binti akaishika ile sindano kwa upole. "Bado." Akaendelea kutoa. Usufi uliobaki waliuchambua kwa vidole mpaka ukaumuka, wakaushonea katika vyumba vyembamba ili usikusanyike miguuni. Binti akamweleza kwamba chini atatandika godoro jembamba la sponji, maana mwili unaukandamiza usufi wa chini ukawa bure, na kwamba atakula vizuri na kuvaa soksi kavu kabla ya kulala. Mzee akamtuma nyumbani kulileta hilo godoro la sponji, na akamkumbusha soksi mara tatu.

Alasiri binti akaingia chumba cha baridi. Mzee akabaki mlangoni, macho kwenye saa ya ukutani. Nusu saa ikapita, kimya. Saa nzima ikapita, kimya vilevile. Akafungua, akapita chini ya nyama, akapiga magoti.

Binti alikuwa anakoroma taratibu. Mzee akapenyeza mkono shingoni mwake, akakuta joto, joto tele, mpaka vidole vyake vilivyokuwa baridi vikalainika. Alifurahi hata machozi yakamlenga, na hakujisumbua kuyafuta.

Muuza nyama akachungulia kutoka nyuma. "Mzee, mwamshe bwana. Mteja wangu anataka paja lile lililo juu ya kichwa chake."

"Asubiri," Mzee Godoro alinong'ona. "Mwanangu amelala."