Tarehe ya Kisima cha Dada

Sitaki mtu aniambie sheria ni kipofu. Hii ya kwetu ina macho, tena makali, ila inaona pampu moja moja. Mimi ndiye afisa wa vibali vya maji, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa naangalia hivyo hivyo. Mkulima akija, namuuliza anataka kuvuta lita ngapi, natazama mto umebaki na ngapi, nagonga muhuri. Kila kibali nilichotoa ni halali. Nasema kila kimoja.

Mwezi wa pili dada yangu aliingia ofisini na kandambili zimejaa matope. Ana kitalu cha miche ya matunda, bondeni chini ya mfereji mkubwa, na kisima alichochimba na marehemu shemeji miaka kumi na minane iliyopita. Sasa maji yameshuka mpaka kamba yake ya zamani haifiki.

"Mdogo wangu, kuna mtu ananiibia maji," akasema. "Nataka kushtaki."

Kwetu huwezi kushtaki bila kibali, na dada hakuwa nacho. Kosa langu. Kila mwaka nilimwambia asijisumbue, kisima cha nyumbani nani atakiulizia. Basi nikamwandikisha palepale, kwa tarehe ya siku ile, nikajiona mdogo wa maana kweli. Yeye akanitania kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kazi yangu imemfaa.

Fomu ya malalamiko inauliza swali moja tu la maana: nani amevuta kupita kibali chake? Nikatoka na fundi wa mita, tunayemwita Sentimita kwa jinsi alivyo msumbufu wa vipimo. Wiki mbili tulizunguka pampu zote, jua la utosi. Hakuna aliyezidisha hata debe. Sentimita akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akavua kofia.

"Bosi, huu mfereji kabla ya saruji ulikuwa unavuja sana, si ndiyo?"

"Theluthi nzima ilikuwa inapotea."

"Inapotea kwenda wapi?"

Nikautazama ule mfereji. Miaka mitatu nyuma niliandika amri mimi mwenyewe, mfereji wote usakafiwe saruji ili tuokoe maji. Hayo yaliyookolewa nikawagawia wakulima wapya tisa, nikapewa na cheti. Sentimita alichora mchangani mstari wa mfereji, na chini yake visima kumi na vitano, cha dada kikiwa cha kwanza. Yale maji hayakuwa yanapotea. Yalikuwa yanazama ardhini na kujaza visima, na mimi nikayagawa mara ya pili kama mali isiyo na mwenyewe. Nilijisikia mjinga, mjinga wa kusomeshwa.

Asubuhi yake nikamwendea mkuu wangu, mwanasheria, mtu mpole anayekukatalia huku anakumiminia chai.

"Tuwafutie wale tisa," nikasema.

"Kibali kinafutwa kwa kosa. Wamekosa nini?"

"Basi tubomoe saruji."

"Amri inasema anayeibomoa anashtakiwa. Uliiandika wewe."

"Basi nitangaze kwamba mto umegawiwa kupita uwezo wake. Mfereji utazamwe upya."

"Hapo unaweza, ni haki yako." Akafungua kitabu cha sheria, akanisogezea. "Lakini ukishatangaza, anayefungiwa kwanza ni aliyesajiliwa mwisho. Nani wa mwisho?"

Sikuhitaji kutazama daftari. Nilimwambia kisima cha dada kina miaka kumi na minane, kimewatangulia wale tisa wote. Akasema, kwa upole uleule, kwamba sheria inahesabu tarehe ya kibali. Damu ilinichemka, na hakukuwa na wa kumgombeza. Tarehe ile ilikuwa ni mwandiko wangu.

Nilimkuta dada kitaluni, anamwagilia miche kwa kikombe, mmoja mmoja. Nikamweleza yote bila kumficha neno. Mwanzo alicheka.

"Kwa hiyo ukinyamaza nakauka, ukisema nafungiwa."

"Ndiyo, dada."

"Na wenzangu wale kumi na wanne?"

"Wao vibali vyao ni vya zamani. Nikinyamaza watakauka mmoja baada ya mwingine. Nikisema, mfereji utatazamwa upya. Itachukua mwaka, labda miwili."

"Miche hii haina mwaka."

"Najua."

Akaendelea kumwagilia mpaka akamaliza mstari ule. Mimi nilikuwa natafuta mlango wa tatu, naupapasa kila upande kichwani, sheria yote naijua kwa moyo na haukuwepo.

"Andika," akasema. Machozi yakanitoka. "Usinililie hapa. Nenda ukaandike."

Niliandika Jumatatu. Ijumaa nilirudi na kufuli na mnyororo, kwa sababu kanuni inataka afisa aliyetoa kibali akafunge kwa mkono wake. Dada alikuwa amechota ndoo mbili za mwisho, maji ya matope, ameziweka kivulini. Mnyororo ulikuwa unateleza, kufuli ikawa haiingii. Nilijaribu mara tatu. Akaja akachuchumaa pembeni yangu, akanishikia mnyororo kwa mikono miwili mpaka kufuli ikajifunga.