Miguu ya Nyuma ya Kompresa

Siku Kompresa alipolikosa dirisha, fundi alicheka. Kicheko hicho kilikuja kumtokea puani baadaye, lakini asubuhi ile kilikuwa halali yake, maana hakuna kinachochekesha kama paka aliyeaibika. Paka aliinua kichwa akaupima ukingo wa dirisha, akatikisa makalio kama wafanyavyo paka wote kabla ya kuruka, akaruka, akagonga ukuta katikati na kuanguka chini kama soksi iliyolowa. Kisha akajilamba bega, kana kwamba kuanguka ndiko alikokusudia.

"Umenenepa wewe," fundi alimwambia, akaenda zake kufungua karakana.

Hakuwa amenenepa. Jioni miguu yake ya nyuma ilianza kuteleza kwenye sakafu, mmoja huku, mwingine kule. Kesho yake aliinuka kwenda kula, akainuka upande wa mbele peke yake. Juma halijaisha, alikuwa akitembea kwa mikono, tuseme, na kuburuta sehemu iliyobaki. Watu husema paka ana roho saba. Hakuna aliyewahi kusema ana miguu mingapi ya akiba.

Na alikuwa mdogo, hata mwaka hajatimiza. Alikuja karakana ndani ya friji mbovu, amejikunja nyuma karibu na mota, na mwenye friji akaapa kwamba paka si wake na kwamba anachotaka ni barafu tu. Fundi alimpa jina la Kompresa, yaani mota ya friji, kwa sababu ukimshika tumbo alinguruma kuliko mashine yoyote mle ndani. Mkewe, mwalimu wa watoto wadogo, alisema hilo si jina la kiumbe. Baada ya siku chache naye akawa anamwita Presa, kwa mapenzi, huku akimkatia nyama iliyokuwa ya watu.

Fundi mwenyewe mtaani walimwita Fundi Baridi. Alitengeneza friji katika chumba cha mbele cha nyumba yake, nyuma akaishi, na kati ya huku na kule alikuwa na imani moja tu: hakuna kitu kinachoharibika bure. Friji haiugui kwa kupenda. Kuna waya umekatika, kuna gesi imevuja, kuna mtoto amechokonoa barafu kwa kisu na mama yake anaficha. Dalili ya mvua ni mawingu, na fundi ni yule anayeyaona mawingu. Tangu aanze kazi hajawahi kumwambia mteja "sijui." Neno hilo aliliona kama tusi, tena la kujitukana mwenyewe.

Basi akamtafuta paka wake ubovu. Alimpapasa mgongo kwa vidole vilevile vinavyopapasa mabomba. Alikagua mitungi ya gesi mmoja mmoja kwa povu la sabuni. Aliingia uvunguni mwa kitanda na tochi akitafuta msumari, akatoka na vumbi puani na kijiko kilichopotea zamani. Alimuuliza mkewe kama hajamkanyaga paka, na kesho yake akamuuliza tena kwa maneno mengine.

"Jana uliniuliza kama nimemkanyaga," mkewe alisema. "Leo unaniuliza ninavaa viatu gani nikitoka bafuni. Unadhani mimi ni mtoto?"

"Nauliza tu."

"Huulizi. Unachunguza."

Majirani nao hawakuwa nyuma. Mwenye duka alisema amekula panya mwenye sumu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisema ni jicho la mtu, paka mzuri asipitishwe mbele za watu. Mmoja alimtaja shangazi yake aliyepooza vivyo hivyo, akaieleza habari ya shangazi mpaka mwisho. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna jibu lililomsimamisha paka.

Ndipo fundi na mkewe wakaenda kwa daktari wa wanyama. Alikuwa mwanamke kijana, mpole wa mikono. Alimbana Kompresa vidole vya nyuma, na mguu ukajivuta polepole, kwa uvivu, kama umeitwa kutoka mbali.

"Anahisi," daktari alisema. "Hilo ni jema. Aliwahi kuanguka? Kupigwa? Kubanwa na mlango?"

Akamtoa damu kidogo ya kupima, akawaandikia wakapige picha ya eksirei katika zahanati kubwa. Mashine ina foleni, wasubiri siku zao. Lakini fundi alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alirudi nyumbani na neno moja kichwani: mlango.

Mlango wa jikoni ulikuwa na springi. Aliifunga yeye mwenyewe, ameitoa kwenye friji kubwa ya dukani, ili mlango ujifunge bila kuombwa. Ulijifunga kweli, kwa kishindo. Na siku hizi aliyeshinda jikoni alikuwa mama mkwe wake.

Bibi huyo alikuja kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa bado limefungwa bandeji, na kwa lile lililobaki aliangalia mambo yote ya nyumba ile bila kukosa. Hakumpenda Kompresa, au alijifanya hampendi. "Huyu paka wenu ananyolea ndevu kwenye sufuria yangu," alikuwa akisema, na kumfukuza kwa kitambaa. Sasa hesabu ya fundi ikawa rahisi: jicho moja, mlango mzito, paka asiyetakiwa jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini mkwe hahojiwi. Tangu aoe, fundi hajawahi kukaa kabla mama huyu hajakaa, wala kumkatiza neno. Alizunguka siku nzima na swali lake mdomoni. Alasiri mdomo ukamshinda. Alisimama kwenye kizingiti cha jikoni, macho chini, mikono nyuma.

"Mama, samahani. Naomba kuuliza."

"Kuuliza si ujinga, baba. Uliza."

"Huu mlango. Haukuwahi kumbana paka? Kwa bahati mbaya, nasema. Bila kukusudia."

 Bibi alimtazama Kompresa aliyelala kwenye gunia lililokunjwa, miguu ya nyuma imetupwa upande mmoja. Akamtazama mkwewe kuanzia viatu hadi uso. Kisha akatazama mlangoni, nyuma ya mkwewe, ambako binti yake alikuwa amesimama na daftari za watoto kifuani.

"Mlango ulimbana," alisema. "Nilikuwa nimebeba sufuria, sikumwona. Alilia kidogo. Nikaona aibu, nikanyamaza."

Fundi aliinamisha kichwa, akasema asante. Na hapa kuna jambo la aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: alifurahi. Roho yake ilisuuzika kama siku anapoukuta waya uliokatika. Usiku ule alikula sahani mbili, akalala fofofo. Sasa kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na uso, na mtu akishapata wa kumkasirikia huwa na shughuli ya kufanya. Aliing'oa springi ya mlango kwa nyundo, akipiga mapigo mengi kuliko yaliyohitajika.

Kumtukana mkwe hakuthubutu. Alimnyima vitu vidogo. Shikamoo yake ikawa ya mbio, anaitupa akiwa ameshapita. Akiingia jikoni anachukua maji na kutoka. Bibi alipomuuliza habari za kazi, alisema "nzuri" kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

"Ni mama yangu," mkewe alimwambia.

"Sijasema kitu."

"Ndicho ninachokulaumia."

Wakati huo bibi alikuwa amechana shuka kuukuu, akatengeneza mkanda mpana. Aliupitisha chini ya tumbo la Kompresa, akauinua kidogo, na mwanamke mzee na paka wakatembea hivyo jikoni, kwenda na kurudi, yeye akiinama na kuguna, paka akilalamika. Baadaye alimkanda mapaja kwa kidole gumba huku akimsema: "Tembea, mvivu wewe. Ndevu zako nimezikosa chunguni." Fundi aliwaona akipita. Majuto ni mjukuu, alijisemea moyoni, na hakusimama kusaidia.

Siku ya eksirei alimbeba Kompresa katika boksi la mota, amemtandikia fulana yake ya kazi. Picha ilipotoka alirudi nayo kwa daktari yule yule, naye daktari akaiinua dirishani penye mwanga. Akaitazama sana. Fundi akaona amsaidie.

"Alibanwa na mlango," alisema. "Mama mkwe wangu. Amekiri mwenyewe."

"Alibanwa wapi?"

"Mgongoni, nadhani. Au kiunoni."

Daktari alitikisa kichwa. "Mlango wa kumfanya hivi ungeacha alama. Mfupa ungevunjika, au pingili ingesogea. Angalia mwenyewe. Hapa hakuna kitu. Hata siku ile nilipompapasa hakuwa na uvimbe wala maumivu. Huyu hakubanwa."

"Lakini amekiri."

"Basi amekiri kitu ambacho hakikutokea."

 Fundi akauliza swali ambalo wateja walikuwa wakimuuliza yeye maisha yake yote. "Sasa ni nini?"

"Sijui," daktari alisema.

Alilisema bila kuona haya, na fundi akamkasirikia kwa hilo. "Hujui kwa maana bado unatafuta, au hujui?"

"Vyote viwili. Damu yake ni nzuri. Dalili ya sumu sioni. Nimempigia simu hata mwalimu wangu, naye hajui. Mishipa ya fahamu ina mambo yake ambayo picha hii haiyaoni."

"Atapona?"

"Anaweza. Anaweza pia kubaki hivi. Na hali hii inaweza kupanda ikachukua miguu ya mbele. Mkandeni, mzuieni asiruke, mhakikishe anakula. Mkiona anateseka mje tuzungumze. Pole sana."

Fundi aliitazama mifupa ile midogo, myeupe, iliyopangwa vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, akatamani angalau mmoja uwe umevunjika.

Njiani hakuona mtu. Waliomsalimu hawakujibiwa, na kinyozi alimwita mara mbili akachoka. Ndani ya boksi Kompresa alikuwa ametoa kichwa, anatazama mtaa kwa macho yale yale ya siku zote, hajui kwamba kitu kimeharibika kwake, au anajua na hajali.  Mganga hajigangi, wanasema, lakini hata hivyo mganga huwa anajua ugonjwa.

Jikoni alimkuta bibi amekaa kwenye kigoda chake, amevaa nguo za safari, begi miguuni.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwa mdogo wake mke wako. Jicho hata kule litatazamwa. Nimekaa sana hapa."

Fundi aliweka boksi chini. Safari hii alikaa sakafuni, bila kungoja kukaribishwa, mgongo kwenye ule mlango usio na springi.

"Mlango haukumbana," alisema.

"Nani kasema?"

"Picha."

"Hizo picha nazo," bibi alisema, "zina umbea."

"Kwa nini ulisema ndiyo, Mama?"

Bibi aliupapasa mshipi wa begi. Alipoanza kusema, mzaha ulikuwa umemwishia.

"Nilikuona unavyopekua. Umemaliza mitungi, umemaliza uvungu, umeingia kwenye viatu vya mwanangu. Kila siku unamwangalia vibaya kuliko jana. Nikasema, huyu asipopewa mtu atajichukulia, na atakayemchukua ni huyo mwanangu. Mimi mzee, nitaondoka na jicho langu. Nyinyi mnabaki humu ndani na hiyo nyumba yenu. Nikakupa mtu."



"Usidhani haikuniuma," bibi aliendelea. "Iliniuma. Ulikuwa unanipita kama kiti."

"Nisamehe, Mama."

"Nimesikia."

Hakusema amesamehe. Lakini begi alilisukuma kwa mguu mpaka chini ya meza, na fundi akaelewa kwamba leo haondoki. Walikaa hivyo, mtu na mkwewe. Ingekuwa friji, fundi angekuwa ameshika bisibisi. Mikono yake ilikuwa mapajani, haina kazi.

"Sasa tumfanyeje?" bibi aliuliza.



"Sijui," fundi alisema. Lilimtoka kwa shida, na sauti ikampasuka. "Sijui, Mama. Hakuna kilichovunjika. Hakuna aliyemfanya kitu. Sijui."

"Hata mimi sijui, mwanangu."

Kompresa alikuwa ameshatoka kwenye boksi. Alijivuta kwa mikono sakafuni, tumbo likifagia, akapita kati yao bila kumtazama yeyote, akafika chini ya dirisha la jikoni. Pale akasimama kwa jinsi alivyoweza. Akainua kichwa akaupima ukingo, kama zamani. Mabega yakajikusanya. Nyuma, makalio yalijaribu kutikisika, yakatetemeka tu.

"Ataruka," bibi alisema.

Wote wawili wakainama kwa pamoja, bibi kutoka kigodani na fundi kwa magoti, wakapeleka mikono chini ya tumbo lake ili akianguka asigonge sakafu. Mikono ikakutana. Kwa miaka yote ya ukwe hawakuwahi kushikana zaidi ya salamu, na sasa vidole vya bibi vilikuwa juu ya vyake, vikavu, na hakuna aliyetoa mkono.

Paka hakuruka. Aliendelea kutazama juu. Kisha, kwa kuwa ameshikwa tumbo, mota ndani yake ikaanza kunguruma, nzima kabisa, na miguu haikuinuka.