Fundi Aliyeona Joto

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kama kila Jumatatu, msimamizi wa kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali alifungua daftari la mvuke akaandika sita mara saba, wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Geji ya presha ya bomba kuu ilikuwa imekwama kwenye sita tangu alipoajiriwa. Hakuona haja ya kuisumbua.

Asubuhi hiyo hiyo fundi wa bomba alikuwa ameamka na vishimo viwili chini ya macho, kila kimoja kinatosha punje ya mtama. Mkewe alivitazama, akamwambia asivitie sabuni. Kwa macho fundi aliona kama zamani. Kwa vishimo aliona joto, kama nyoka: kuku aliyekuwa nyuma ya mlango, birika, alama ya makalio ya mtoto kwenye kiti alichokwisha kukiacha. Nyoka akiona joto hujiuliza mambo mawili tu, kinalika au kinaua, na fundi naye akajikuta hana swali la tatu. Mkewe alikuwa upande wa kuliwa. Hilo hakumwambia.

Kazini aliutazama ukuta wa chumba cha pasi. Nyuma ya plasta, bomba lilikuwa na doa linalowaka, pana kama sahani. Kinaua. Hatua mbili mbele ya doa, dada yake mdogo alikuwa ameligeuzia mgongo akinyoosha mashuka.

Alimfuata msimamizi. "Bomba la chumba cha pasi linakaribia kupasuka."

"Geji inasema sita."

"Geji ni maiti, mzee."

"Basi iache ipumzike. Nikizima mvuke, wagonjwa walalie magazeti?"

Habari ya bomba na ya vishimo ilimfikia meneja. Kuhusu bomba hakuuliza. Aliuliza kama vishimo vinaweza kuona homa, na fundi, kwa kuwa hakuzoea kudanganya, akajibu ndiyo. Kesho yake alipewa kofia na kusimamishwa getini, kando ya mlinzi. Mwenye homa arudishwe nyumbani, na siku yake isihesabiwe.

"Shikamoo kipimajoto!" wafuaji walimtania wakipita. "Hebu nitazame, nimeiva?"

"Bado mbichi. Pita."

Jumatano dada yake alifika akiwa mzima kabisa. Fundi alimwambia mlinzi, "Huyu ana homa." Wakamrudisha. Chumba cha pasi wakampeleka mama mmoja mjane kutoka kwenye kukunja mashuka. Alhamisi ikawa vile vile.

Ijumaa dada alikuja mapema, kabla foleni haijawa ndefu.

"Kaka, homa gani hii inayonipata getini tu?"

"Unajua sababu."

"Najua. Na yule mama unayemsimamisha pale badala yangu, yeye ngozi yake ni ya chuma?"

Fundi aliishusha kofia. Mama huyo alikuwa amempungia mkono asubuhi ile ile.

"Leo siku ya tatu," dada alisema. "Ukinirudisha wananifuta jina. Watoto wangu nao utawaambia wana homa, wasisikie njaa?"

"Bomba litapasuka."

"Litapasuka. Nimesikia. Sasa niambie, napita au sipiti?"

Mlinzi alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Nyuma foleni ilianza kulalamika. Fundi alimtazama dada yake kwa vishimo. Joto lake lilikuwa la mtu aliyetembea haraka, basi. Siku ilikuwa haijafika hata saa mbili.

"Hana homa," alisema.

Dada akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akaingia. Fundi alilifuata joto lake kwenye korido ndefu, likipungua ukubwa, mpaka likafika mbele ya ukuta likachanganyika na lile la bomba, asiweze tena kuyatenganisha.

"Mwingine," mlinzi aliita.