Sindano Thelathini za Asubuhi

Shangazi yangu ni muuguzi, na nyumbani ananiita Redio kwa sababu, anavyodai, mimi sina kitufe cha kuzimia. Kanisa lao lilipopanga kuvuka mpaka kwenda kutibu watu bure kwa siku moja, aliniandikisha bila kuniuliza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi yangu kochi na sahani, akaona heri nikakae mahali penye faida.

Nilikabidhiwa sanduku la miwani ya kusomea, mia moja na arobaini, iliyochangwa na waumini. Niliambiwa niisafishe. Kila miwani ilikuwa na kijikaratasi chenye namba, kimegandishwa kwenye kioo. Nikaona huo ni uchafu wa dukani. Nikabandua vyote, nikatoa gundi kwa maji ya moto, kisha nikaipanga miwani kwa rangi: nyeusi, kahawia, nyekundu. Sanduku likapendeza kama kabati la bibi harusi.

Jumamosi ile tulifungua kliniki kwenye darasa la shule moja ng'ambo ya mpaka. Mchungaji alianza kwa sala, akaombea wagonjwa, dawa, basi letu, mpaka tairi la akiba. Aliposema amina, Shangazi akafungua sanduku. Akainua miwani moja, akaigeuzageuza. Akainua ya pili. Kisha akaniuliza kwa upole namba ziko wapi, na upole wa Shangazi ndio wa kuogopa.

Nikamweleza nilivyojituma. Akavuta kiti, akakaa. Kumbe namba zile ndizo nguvu ya kioo, na sasa sanduku lilikuwa sawa na kabati la dawa lenye chupa zisizo na majina. Daktari wa macho tuliyekuja naye alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akarudi kwa wagonjwa wake. Hakuwa na muda wa kupima upya urembo wangu.

"Ulivyoiosha moja moja," Shangazi akasema, "ndivyo utakavyoijaribisha. Mtu kwa mtu."

Basi nikakaa mezani na kitabu cha nyimbo. Anakuja mtu, namvalisha, anasoma, akishindwa, nambadilishia. Miwani nzuri kuliko yote, yenye fremu nyekundu, nilijipachika mwenyewe kwenye paji la uso, ili angalau nifanane na mtaalamu. Babu mmoja alisoma beti tatu bila kukwama, nikampongeza, kumbe kitabu amekishika juu chini. Nikaacha nyimbo, nikaanza kutumia karatasi ya maelezo ya dawa ya minyoo, ambayo hakuna anayeijua kwa moyo.

Saa tisa na nusu, ikiwa imebaki miwani kumi na saba, wakaja mke na mume. Basi lilipaswa kuondoka saa kumi, maana mpaka hufungwa jioni. Mama alikuwa fundi cherehani, kashika kamto kadogo kalikochomekwa sindano, zote zimetungwa uzi. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, naye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia.

Alinisimulia kuwa ni mwaka wa nne sasa mkewe haoni tundu la sindano. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, yeye hutunga uzi sindano thelathini za mkono na ile ya cherehani. Uzi wa cherehani ukikatika saa nne, mashine imelala mpaka arudi jioni. Na Jumatatu anahamishiwa ghala la mji wa mbali, atakuwa akirudi mara moja kwa mwezi.

"Kwa hiyo, daktari," akaniambia, "usiponipatia miwani, itabidi nihame na cherehani."

Nilimpa mama sindano tupu na uzi mweusi, tukaanza. Miwani ya kwanza, uzi ukapita pembeni. Ya tano, pembeni. Mumewe akasema ile ya sita imemfanya afanane na mama mkwe, akaomba ivuliwe haraka. Ya kumi, mzaha ukamwishia. Ya kumi na saba mama akaivua mwenyewe, akaiweka mezani taratibu, akasema ahsante mwanangu, umejitahidi. Redio ilikuwa imezima.

Nje basi likapiga honi. Shangazi akaingia kutuita, akaona sura zetu, akaona sanduku tupu. Akarudi mlangoni akamwambia dereva kwamba hatuwezi kuondoka bila sala, amwombe Mchungaji afunge. Hapo nilijua tumepata dakika ishirini za uhakika, ila sikujua za kufanyia nini.

Mama ndiye aliyenitazama kwa kukunja macho, akauliza, "Na hiyo ya kichwani kwako?"

Nilitamani darasa linimeze. Nikaivua, nikaipangusa kwa shati, nikampa kwa mikono miwili. Akaivaa, akainua sindano, akalowesha ncha ya uzi mdomoni. Ukapita mara moja. Akauchomoa, akautia tena. Ukapita. Shangazi akanitandika kibao cha kisogo, chepesi, huku anafuta machozi.

Mlinzi akasema basi, leo kaachishwa kazi mbili kwa mpigo, ya sindano za mkono na ya cherehani. Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa.

Mkewe akaivua miwani, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamrudishia kile kimto.

"Hii ni ya kuanzia Jumatatu," akasema. "Kesho asubuhi nataka sindano zangu thelathini kama kawaida. Na usinitungie uzi mweupe tu kwa uvivu, sasa nitaona."

Nje, sala ya Mchungaji ilikuwa ndiyo kwanza imefika kwenye breki.