Nilivyoingia Kanisani na Soksi

Mwalimu Bartholomew Nzioka alipofikisha miaka themanini, kanisa lake la Mitaboni liliamua kumfanyia ibada ya shukrani. Ilikuwa Novemba, mwaka wa 2003. Mtoto wake, Reuben, alikuja dukani kwangu mjini Machakos kuagiza koti la baba yake la siku hiyo. Alitaka kujua nitakwenda lini kumpima mzee. Nikamwambia sina haja. Mabega ya Mwalimu nimeyashona miaka ishirini na zaidi, na malipo ya koti hili sitapokea.

Kabla ya kuondoka aliacha mezani karatasi ya ratiba. Mjukuu wangu Firdaus, ambaye alikuwa amefunga shule na alikuwa akinisaidia kupiga pasi, aliichukua akaisoma.

"Nambari saba," akasema. "Shukrani za mwanafunzi, Mzee Yasin Mutiso, dakika tano." Akainua macho. "Babu, ulikuwa mwanafunzi wa nini?"

Nilimwambia wazee huitana hivyo kwa heshima, nikaendelea kukata kitambaa. Nilikikata vibaya. Ilibidi nipunguze upana wa mfuko.

Ukweli ni kwamba hadi nilipofika miaka arobaini na tatu sikujua kusoma hata jina langu, na hakuna mtu nyumbani kwangu aliyejua hivyo. Baba yangu alikuwa mpishi katika ranchi moja huko Lukenya, na ndiye aliyetuingiza katika Uislamu, lakini shuleni hakutupeleka. Nilijifunza cherehani kwa kutazama. Kila mteja nilimwekea uzi wake: fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu mkono. Nyuzi zilining'inia ukutani na watu walisema huo ni ufundi wa kale. Kila asubuhi nilikaa mlangoni na gazeti. Picha zilinisaidia kujua upande wa juu.

Mwaka wa 1979 nilipata barua kutoka Voi, ambako mama yangu alikuwa akiishi na dada yangu Ummi. Niliiweka kwenye droo ya vifungo nikingoja mtu asiyenifahamu, anisomee bila kunitangaza mjini. Mtu huyo alipita baada ya siku kumi na sita, mchuuzi wa nyuzi na zipu kutoka Nairobi. Alinisomea akiwa amesimama. Mama alikuwa mgonjwa, ananiita, nisikawie.

Nilipofika Voi alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Ummi aliniuliza kama barua ilinifikia. Nikasema ilichelewa posta. Tangu siku hiyo hadi ninayoisimulia, dada yangu alikuwa akiwalaani watu wa posta, nami nilikuwa nikikaa kimya nikimsikiliza.

Mwezi uliofuata nilijiandikisha katika darasa la ngumbaru. Mwalimu Bartholomew alifundisha watoto mchana na sisi wazee jioni, kwa taa ya karabai, kwenye madawati ambayo magoti yetu hayakuingia. Nyumbani nilisema nimepata kazi ya kushona sare za shule. Baada ya miaka miwili nilikuwa nasoma gazeti lote, hata matangazo ya vifo. Nimeendelea mwenyewe mpaka leo. Nina kamusi mbili na sioni haya kusema kwamba Kiswahili changu ni bora kuliko cha vijana wengi waliofika chuo.

Kwa hiyo nilikuwa na deni la kumshukuru Mwalimu mbele ya watu, na Firdaus angekuwapo. Niliandika hotuba ya kurasa tatu. Nilimsifu kwa hekima, kwa subira na kwa urafiki wetu wa muda mrefu. Neno kusoma halikuwamo popote. Ilikuwa hotuba nzuri sana, na ndani haikuwa na kitu.

Ijumaa, tulipotoka msikitini, jirani yangu Jamal, mwenye bucha, aliniuliza kama ni kweli naenda kanisani.

"Ukirudi unapiga kayamba, usinisogelee," akasema.

Nilimjibu kuwa kayamba linataka mtu mwenye vidole vyote. Yeye kimoja alikikata nusu akipasua mifupa. Akacheka, akasema nimsalimie Mwalimu.

Jumapili nilivaa suti yangu ya kijivu na viatu vyeusi ambavyo nilikuwa nimevipiga rangi hadi nikaona pua yangu ndani yake. Nilikuwa nimeketi misikitini maisha yangu yote, lakini katika ibada ya Kikristo sikuwa nimeingia hata siku moja. Niliamua kwamba watu wa Mitaboni wataona jinsi mgeni mwenye adabu anavyoingia.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia ilikuwa tope jekundu. Reuben alituteremsha karibu kabisa na kanisa. Mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Mwikali, alimpokea Firdaus akamwongoza kwenye mlango wa kushoto. Katika kanisa hilo wanawake hukaa upande wao na wanaume upande wao. Nililipenda jambo hilo, nikajiona niko nyumbani. Nikaenda mlango wa wanaume peke yangu.

Mlangoni palikuwa na viatu. Gambuti, malapa, raba zilizokatika, jozi kama ishirini zimepangwa kando ya ukuta. Nikajisemea, kumbe hata hawa huvua. Niliinama, nikafungua kamba, nikaviweka viatu vyangu mwisho wa safu, nikaingia na soksi.

Niliketi kwenye benchi la nne, kando ya mtu aliyejitambulisha kwa sauti ya chini kuwa anaitwa Gichuru, mfanyabiashara wa mbegu hapo sokoni, mzaliwa wa Murang'a. Saruji ilikuwa baridi na yenye unyevu. Nikatazama chini. Gichuru alikuwa amevaa viatu. Aliyekuwa mbele yangu pia. Benchi zima, na la pili yake, wote walikuwa na viatu visafi miguuni. Ndipo nilipoelewa kwamba wale waliotoka mbali kwa miguu walikuja na viatu vya matope, wakavibadilisha pale nje, wakavaa vya kanisani walivyobeba kwenye mifuko.

Ningeweza kutoka. Lakini mlango ulikuwa nyuma na kila mtu angegeuka.

Gichuru aliniangalia miguu, kisha uso. "Mzee, viatu vimekufinya?" akanong'ona.

"Ni desturi yetu," nikamjibu, nikitazama mbele.

"Pole. Mimi niko na mguu mkubwa, la sivyo ningekuazima vyangu."

Ibada ilianza. Sikujua wakati wa kusimama wala wa kuketi, nikawa namfuata Gichuru kama fundi mpya anavyofuata mshono wa mkubwa wake, nikichelewa kidogo kila mara. Walipoomba, wote walisema kwa pamoja kwa sauti, kila mtu na yake, mpaka mabati yakavuma. Nami niliomba dua yangu humo humo na hakuna aliyenisikia isipokuwa anayepaswa. Walipoimba kwa Kikamba nilishangaa kwamba nilikuwa naelewa kila neno. Ni lugha ya mama yangu, na sikuwa nimeisikia ikiimbwa na watu wengi hivyo tangu utotoni.

Mwalimu alikaa mbele kabisa katika koti langu jipya. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, lakini shingo ilikuwa bado imesimama kama ya mtu anayeangalia ubao.

Nambari saba ilifika. Mchungaji, kijana mwenye miwani anayeitwa Onesmus, aliniita. Nikatembea kati ya mabenchi na soksi zangu, nikisikia saruji ikizivuta. Kwa upande wa wanawake mtoto mmoja alicheka akanyamazishwa. Nilimwona Firdaus ameweka mkono mdomoni.

Nilitoa salamu yangu, assalamu aleikum, kwa mazoea. Kanisa lilibaki limenitazama, kisha mzee mmoja nyuma, nadhani aliwahi kuwa askari Pwani, akaitikia vizuri kabisa. Watu wakatabasamu.

Mchungaji alikuwa bado kando yangu. Alisema anaomba tuone jambo moja kabla mgeni hajazungumza. Mzee huyu ni Mwislamu, akasema, na ameingia humu bila viatu kwa sababu anajua maana ya mahali patakatifu, wakati sisi wenyewe tumekuwa tukiingia kama tunaingia sokoni. Waumini wakapiga makofi. Kwenye benchi la mbele mzee mmoja alianza kuinama kufungua kamba za viatu vyake.

Nilisimama na kurasa zangu tatu mkononi nikisifiwa. Hakuna kilichokuwa kimebaki ila kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa hodari. Hivyo ndivyo nilivyosimama Voi, Ummi akinipa pole kwa kosa la posta.

"Mzee, usivue," nikamwambia yule wa mbele. "Mimi nilikosea. Niliona magambuti mlangoni nikadhani kwenu ni kama kwetu."

Walicheka, na Mchungaji alicheka kuliko wote hadi akavua miwani. Gichuru alisema kwa sauti kwamba aliniuliza mapema, nikamdanganya. Wakacheka tena. Nami, sijui vipi, nikacheka pamoja nao, nikiwa na miaka sitini na saba na soksi zilizolowa.

Baada ya hapo nilizikunja zile kurasa nikazitia mfukoni. Niliwaambia juu ya nyuzi za mafundo na juu ya gazeti. Niliwaambia juu ya barua iliyolala siku kumi na sita chini ya vifungo. Sikumtazama Firdaus. Nilimtazama Mwalimu.

"Dada yangu anaamini barua ilichelewa njiani," nikasema. "Haikuchelewa. Ilinifikia siku ya tatu. Mimi ndiye sikuweza kuisoma, na niliona aibu kuomba. Mtu huyu alinitoa katika aibu hiyo. Nimeishi nusu nyingine ya maisha yangu kwa sababu yake, na kwa miaka ishirini na tatu nimekuwa nikimwita rafiki ili nisimwite mwalimu. Leo ninamshukuru. Mwalimu, nĩ mũvea."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwa upande wa wanawake nilisikia wakisema pole, polepole, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliopata habari ya msiba wa jana.

Mwalimu alinyoosha mkono hewani mpaka nikaushika. Alizungumza kama aliyekuwa anasahihisha daftari.

"Ulikuja darasani na bahasha katika mfuko wa shati. Siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho. Nilijua kuna barua unayotaka kuisoma mwenyewe."

"Hukuniuliza kamwe."

"Ningekuuliza, usingerudi kesho yake."

Ibada ilikwenda mbele, na nikaketi tena kando ya Gichuru, ambaye safari hii alinisogezea kitabu chake cha nyimbo na kuniwekea kidole mahali tulipofika. Nikaimba nilichoweza.

Tulipotoka, manyunyu yalikuwa yameanza. Kando ya ukuta gambuti zilikuwa zimeanza kulowa, lakini viatu vyangu havikuwapo. Mwikali alinikuta nikitafuta. Alikuwa ameviingiza ndani, nyuma ya mlango, na matone ya tope ameyafuta kwa khanga yake.

"Nilijua si vya mtu wa hapa," akasema. "Vya hapa havimeremeti hivi. Keti, baba, uvae."

Chakula kilikuwa chini ya turubai: muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, nyama ya mbuzi, chai. Nilikuwa nimejiandaa kula muthokoi peke yake na kusema nimeshiba. Reuben aliniletea sahani ya nyama, akaona nikisita.

"Kula, mzee. Mbuzi wamechinjwa na Jamal. Nilimleta jana na bismillahi yake. Alikataa nauli."

Kwa hiyo yule mwenye nusu kidole alikuwa amefika Mitaboni kabla yangu, na Ijumaa alinidhihaki huku akijua kwamba wamemwita. Nilikula nyama ile yote, nikaomba nyingine.

Firdaus alikuja kuketi kando yangu. Alichezea kijiko. Nimewahi kungoja mambo mengi lakini hilo lilikuwa zito.

"Babu," akasema mwishoni, "zile nyuzi bado unazo?"

Nikamwambia zimo kwenye mkebe wa biskuti, juu ya kabati.

"Na barua?"

"Hiyo pia."

Akaniuliza kama nataka amwandikie Bibi Ummi. Mkono wake ni mzuri, na kwa miaka miwili yeye ndiye aliyeniandikia risiti za wateja. Nikamshukuru. Nikamwambia amwulize Reuben kama Mwalimu ana kalamu, na karatasi nilikuwa nazo mimi: kurasa tatu, ambazo upande wa nyuma zilikuwa nyeupe.

Nilisogeza sahani, nikapangusa meza, nikaanza kuandika mwenyewe. *Dada yangu Ummi, barua yako ilifika mapema.* Mwalimu alikuwa ameketi karibu yangu na kikombe chake cha chai. Hakuweza tena kuona nilichoandika, lakini alikuwa ameelekeza sikio kwenye kalamu, na nilipokawia aligonga meza kwa kidole, kama zamani, niendelee.