Herufi L ya Mama

Mkufunzi wetu katika chuo cha ualimu wa sanaa alitupa kazi moja kwa muhula mzima: kila mmoja achore herufi kubwa kwa mtindo wa watawa wa kale wa Ayalandi, kwa rangi na dhahabu, mistari ikisukana bila mwanzo wala mwisho. Ilikuwa 2017. Nilichagua L, ya Léocadie, mama yangu. Presha ya macho ilikuwa imeshampofua jicho moja, na daktari alisema la pili lina miezi tu. Nilitaka aione.

Mama alikuwa msusi katikati ya Johannesburg, kandokando ya barabara, tangu tutoke Bukavu, Kongo. Mimi nilikua nikisuka pembeni yake, kwa hiyo nilijiona kazi hii ninayo mkononi. Kiburi kitupu! Katika nywele, kila fungu unalishika unalipitisha juu ya lile la katikati. Juu, juu, juu. Nikachora vivyo hivyo.

Mkufunzi aliitazama mara moja. "Mstari ukipita juu, panapofuata upite chini. Anza upya."

Kazi ya wiki tano ikaenda na maji.

Kila jioni mama aliuliza. "Gaëlle, unionyeshe vile iko."

"Bado, maman. Ikiisha."

"Hata nusu. Macho yangu haitangoja."

Nikaifunika karatasi. Sikutaka mwanamke aliyenifundisha kusuka anikute nimekosea kusuka. Ndiyo kweli yenyewe, na inaniuma kuisema.

Nilimaliza Oktoba, baada ya kulala chuoni wiki nzima, nikapata alama za juu darasani. Nilipanda teksi hadi nyumbani, mtaa wa Kensington, karatasi nimeikumbatia kifuani. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameelekea mlangoni.

"Ni nani?" akauliza. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Tangu lini, maman?"

"Tangu jana. Umeileta?"

Nikamwekea mapajani. Akaipapasa kwa vidole vile vile vilivyokuwa vikigusa kichwa cha mteja na kujua suka imelegea wapi. Alipapasa herufi yote, juu hadi chini, akarudia.

"Iko laini tu," akasema. "Nilizania nitasikia misuko."

"Ni wino, maman."

"Eeh." Akaninyooshea mkono. "Basi, unishike kidole. Unipitishe."

Nikamshika. Nikakipitisha juu, chini, juu, chini, nikimwambia kila rangi.

"Hapa!" mama akasema, uso umemchangamka. "Hapa nimesikia kitu."

Lilikuwa chozi langu.